Sufuria ya Mkondoni

Mwanamke mmoja alikuwa na kazi ya kugonga sufuria. Jina lake Mwanamize. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, pamoja na sufuria yenyewe, ambayo ilikuwa imetoboka na haikufaa tena kupikia.

Kijiji chao kilikuwa juu ya ghuba ndogo, nusu mchanga, nusu mwamba. Maji yakipwa, wavuvi walivuka kwa miguu mkondo mwembamba uliotenga mchanga na mwamba, wakapanda, wakasimama ukingoni na kutupa mishipi yao upande wa bahari. Samaki walikula vizuri zaidi pale maji yalipoanza kurudi. Lakini katika ghuba ile maji hayakurudi kutoka mbele. Yalizunguka ubavuni, yakaingia kimya na kuujaza mkondo kwanza, nyuma ya migongo ya watu, huku mwamba ukiwa bado mkavu chini ya nyayo zao. Aliyesimama ukingoni hakuweza kuuona mkondo. Na siku za bamvua, bahari ilipojaa kabisa, mwamba wenyewe ulifunikwa wote.

Ndiyo maana mtu mmoja hakuvua. Alikaa mchangani akiutazama mkondo. Katikati yake palikuwa na jiwe dogo, lisilofika goti, lenye umbo la mtu aliyechuchumaa. Maji yalipolifunika bega la jiwe hilo, Mwanamize aligonga sufuria, na kila mtu alikunja mshipi wake, hata kama samaki alikuwa anakigusa chambo saa ile ile. Wakishavuka, kila mvuvi alimwekea samaki mmoja kikapuni.

Alama ya bega haikuwekwa kwa ajili ya wenye nguvu. Ilikuwa kipimo cha mguu mzito kuliko yote iliyopanda mwambani. Wakati huo mguu huo ulikuwa wa Shaali, mjomba wake Mwanamize. Zamani alichomwa kisiginoni na mwiba wa samaki taa, na tangu hapo alishuka mwambani kwa kukaa kitako, akatanguliza mguu mzima, kisha akauvuta ule mwingine kwa mikono. Watu wazima walijua kwamba sufuria iligongwa mapema kwa ajili yake. Hawakulisema, kwa kuwa kumtaja mtu kwa kilema chake ni kumvunjia heshima. Basi vijana walikua wakiijua sufuria bila kuijua sababu yake.

Miongoni mwa vijana hao alikuwamo Makungu, mdogo wake Mwanamize. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kila walipovuka alisimama katikati ya mkondo akaonyesha miguu yake.

"Jamani, hebu tazameni! Hata kifundo hakijalowa. Dada yangu akiona povu anaona gharika."

"Mwache," alisema mwenzake. "Mafuta yake yako jikoni, anamtaka samaki wake mapema."

Watu walicheka. Mwanamize naye alicheka, kwa kuwa ndiyo njia fupi ya kumaliza kicheko. Shaali alikuwa hapo hapo, ameinama, akifungua fundo ambalo halikuwapo kwenye mshipi wake. Neno moja kutoka kwake lingetosha. Lakini neno hilo lingekuwa juu ya mguu wake mwenyewe, na hakulitoa.

Kwa hiyo mambo yakaenda hivyo. Kwa kuwa Mwanamize aligonga kwa wakati, watu walivuka wakiwa wakavu. Na kwa kuwa walivuka wakiwa wakavu, waliona kwamba aligonga bure. Samaki waliotiwa kikapuni mwake wakaanza kuwa wadogo. Baadaye wengine walipita kikapu wakitazama pembeni.

Jioni moja Makungu alimfuata uani, akachutama karibu naye, akasema kwa upole, kwa maana alimpenda:

"Dada, subiri yafike magotini. Magotini tu. Nani amewahi kufa kwa kulowa goti?"

"Alama ni bega," alisema Mwanamize.

"Bega la jiwe! Jiwe linavua?"

Mwanamize alirudi kupepeta mchele, lakini neno lilikuwa limeshamwingia.

Ikaja siku ya bamvua, na changu walikuwa wanakula kama hawajawahi kula. Maji yaliingia mkondoni, yakapanda, yakafunika bega la jiwe. Mwanamize aliinua fimbo. Wakati huo huo kicheko kikasikika kutoka mwambani. Samaki alikuwa amemponyoka mtu mkononi, akamkwaruza na kurudi majini, na wenzake walikuwa wanamcheka. Mwanamize hakuweza kujua hilo. Alidhani wanamcheka yeye. Akaishusha fimbo.

Bega aliweza kuliona. Magoti ya Makungu hakuwa na mahali pa kuyaona, ilimbidi ayakisie. Akakisia, akangoja, akakisia tena. Kisha jiwe lote likazama, naye akapiga sufuria kwa nguvu mpaka fimbo ikavunjika.

Wenye nguvu walivuka maji yakiwa kiunoni. Makungu alivuka wa kwanza akiwa amebeba chewa mkubwa kichwani, akicheka, akimwita dada yake amwone. Alipofika mchangani aligeuka. Mjomba wake alikuwa bado amekaa kitako kwenye mteremko wa mwamba, mguu wake mzima ukitafuta chini pale ulipokanyaga asubuhi. Chini haikuwapo. Makungu alimtupa chewa, akarudi majini. Mkondo ulikuwa umeshaanza kukimbia, ukampiga, ukamrudisha, na alipoinua kichwa mara ya pili mteremko ulikuwa mtupu.

Maji yalipopwa walimkuta Shaali amelala ndani ya ghuba, mchangani, karibu na kikapu. Walimfunika kwa kanga ya Mwanamize. Makungu alisimama mbele ya dada yake, nguo zikiwa bado na unyevu.

"Mbona hukupiga?"

"Nilikuwa nangoja maji yafike pale ulipotaka."

Hapo mmoja wa watu wazima akawaambia vijana sufuria ile ilikuwa ya mguu wa nani. Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba Shaali bado angeweza kusikia na kuona haya.

Mwanamize hakurudi mkondoni. Bamvua iliyofuata, Makungu aliichukua sufuria, akachonga fimbo nyingine, akakaa mahali pa dada yake akiwa ameipa bahari ubavu na macho yake kwenye jiwe. Maji yalipofunika bega, aligonga. Watu walivuka, wakaja mchangani, na mmoja wao, kijana mgeni aliyeoa pale kijijini, akaitazama miguu yake mwenyewe.

"Kaka Makungu," alisema akicheka, "hata kifundo!"

Makungu alimtazama usoni, akamwambia kilichotokea, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, akataja jina la Shaali na mguu wake. Kijana akaacha kucheka, akaweka samaki kikapuni.

Nami nawauliza ninyi mnaorudi majumbani kwa miguu mikavu: nani huko kwenu ameinua fimbo, kisha akaishusha kwa sababu amewasikia mnacheka?