Kwa Nini Wahispania Husema kwa Neno la Hadithi

Siku hizi kila mtu husema, hata asiye na la kusema. Lakini kaeni vizuri, wajukuu zangu, niwapeleke wakati ambapo kusema kulikuwa na wenyewe.

Wakati huo Warumi waliitawala Hispania, na lugha ilikuwa Kilatini. Wakubwa walikuwa na neno lao la kusema, loqui, neno la mahakamani. Wanyonge waliachiwa fabulari, yaani kusimulia hadithi, shughuli ya wanawake wanaosubiri mikate iive tanurini.

Katika kijiji kimoja aliishi mjane aitwaye Flavina, mwenye maneno mengi na shamba dogo la dengu. Mwaka mmoja tajiri wa mlimani aliuziba mfereji wa kijiji kwa jiwe ili maji yote yawe yake. Dengu zikaanza kunyauka, na watoto wanne wa Flavina hawakuwa na chakula kingine.

Hakimu alipokuja kusikiliza mashtaka, wanakijiji walisimama mbele yake kama mabubu, maana waliliogopa lile neno la wakubwa. Flavina naye aliliogopa, ila aliwafikiria wanawe, akasogea mbele.

“Mheshimiwa, mimi kusema sijui,” alisema. “Kusimulia ndiko ninakojua.”

Hakimu akacheka, akamruhusu. Flavina akasimulia habari za mfereji uliokuwa ukinywesha nyumba kumi, mpaka mtu mmoja alipouziba mdomo kwa jiwe. Akaeleza miche minne ilivyoinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine, na kila mche akaupa jina la mwanawe. Hakimu akasahau kucheka.

“Jiwe hilo liko wapi?” aliuliza.

“Nifuate, Mheshimiwa.”

Jiwe likaondolewa siku ile ile. Watoto wakakimbizana na maji, matope hadi magotini, na Flavina akalia kwa furaha bila kujificha.

Kumbe kusimulia ndiko kusema kwenyewe! Wanakijiji wakaliacha neno la wakubwa mahakamani, wakatembea na fabulari sokoni na mashambani. Vinywa vikalisugua kizazi baada ya kizazi, hadi likawa hablar, ndilo neno la Kihispania la kusema. Ndugu zake wakapitia vitabuni mpaka Uingereza: fable, hadithi yenye funzo, na fabulous, jambo la ajabu kama la hadithini.

Nikiwa nimeongeza chumvi, mnisamehe, ila neno lenyewe ndivyo lilivyozaliwa. Na tangu siku hiyo, mnyonge wa Uhispania akisimama mbele ya wakubwa kuomba ruhusa ya kusema, neno analolitumia ni lile la tanurini.