Mwenye Ardhi Alipe

Siku ya Idi, Bi Nyanzala, mjane wa Lushoto, aliwaalika majirani wale pilau uani kwake. Jirani tajiri kuliko wote, Bwana Shekilindi, Nyanzala alimkalisha kando, chini ya mparachichi, kwenye kiti alichomchagulia mwenyewe. Kabla sahani yake haijafika, mguu wa kiti ulikatika, bwana akaanguka chali.

"Mgongo wangu!" alifoka. "Utanilipa yule mbuzi wako!"

"Kwani kosa ni langu, jirani?" Nyanzala aliuliza kwa upole.

"Mgeni akiumia, hulipa mwenye ardhi aliyoangukia!"

"Na hapa ulipoangukia, mwenye ardhi ni nani?"

"Ni wewe! Nani mwingine?"

"Kesho utageuza maneno. Apa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, huyu hapa anakula."

Shekilindi, macho kwa mbuzi, akaapa kwamba mwenye ardhi ile ni Nyanzala. Mwenyekiti akasema amesikia, na wageni wote wakasema wamesikia.

Ndipo Nyanzala akamfungulia mbuzi. "Mchukue, ni haki yako. Na kesho nenda ukaifute ile kesi yako ya kudai kwamba kona hii ya mparachichi ni yako."