Msiba wa Shangazi Ndewirwa

Krismasi ya mwaka 1962 walikuwapo Eliamani mwenye malori, mkewe Aikaeli, mdogo wake Kirita, na Ndeshukurwa, mke wa Kirita. Eliamani alikwisha kutangaza kwamba asiyeleta zawadi kwa kila mtu haonji nyama ya mbuzi. Kirita aliingia mikono mitupu.

"Shemeji, zawadi umezificha kofiani?" aliuliza Aikaeli.

"Kaka," alisema Kirita, "unamkumbuka shangazi Ndewirwa?"

"Nimsahau? Krismasi iliyopita nilimpelekea blanketi kwa mkono wangu!"

"Basi shangazi hatunaye tena."

Ndeshukurwa alijifunika uso kwa kanga. Eliamani alivua kofia.

"Zawadi basi! Penye msiba hapatolewi zawadi. Tule kwa huzuni."

Kirita alikula paja zima kwa huzuni.

Bi. Ndewirwa alifariki tarehe 9 Machi 1951.