Bibi Nyemo na Ufa wa Mtemi

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ni sauti au mbu? Ugali mmeumaliza wote, halafu mnaitika kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Hii naijua mimi kuliko yeyote aliyeketi hapa. Anayebisha aje akalie kigoda hiki asimulie yeye. Hakuna? Nilijua.

Zamani hizo, kabla babu wa babu zenu hajaota meno, palikuwa na kijiji kwenye bonde kavu. Huku ukuta wa milima, kule ukuta wa milima, katikati jua. Mvua yake ilikuja mara moja kwa mwaka, ikakaa kidogo, ikaondoka bila kuaga. Ikikukuta hujalima, umekosa kula.

Kijijini humo alikuwamo bibi mmoja, Nyemo, mshona vibuyu. Kibuyu chako kikipasuka, unampelekea. Anatoboa, anapitisha uzi, anapaka nta, kinarudi kushika maziwa. Kila ufa aliushona, isipokuwa mdomo wake mwenyewe. Bibi yule alimjibu mtemi kama anavyomjibu mbuzi aliyeingia jikoni.

Basi siku moja ardhi ikanguruma. Ngrrrr! Mbwa wakanyamaza. Ngrrrr! Kuku wakapanda mapaani. Ngrrrr... kwaaa! Ikapasuka! Ufa ukatoka kaskazini, ukakata kijiji, ukaenda zake kusini. Ua wa Mtemi Mbogoni na ghala lake vikabaki ng'ambo ile. Nyumba za watu na mashamba yao, ng'ambo hii. Upana wake hata mtoto angeuruka. Kina chake? Ukitupa jiwe, unasikiliza mpaka unachoka.

Mtemi akaona aibu.

"Majirani watasema nchi imenipasukia! Uzibwe!"

Akaamuru majembe yote yachimbe kifusi. Jioni yarudi kwake, yafungiwe ghalani. Hakuna kulima mpaka ufa ujae.

Watu wakachimba. Wakamwaga, ufa ukameza. Wakamwaga, ufa ukameza. Migongo ikapinda. Wakamwaga, ufa ukameza, wala haukucheua.

Mawingu yakaanza kujikusanya juu ya milima. Watu wakayatazama mawingu, wakayatazama mashamba yenye magugu, wakabeba vikapu tena. Nyemo peke yake hakubeba hata kikapu. Mjumbe wa mtemi akaja.

"Shikamoo, bibi. Mtemi anauliza udongo wako uko wapi."

"Marahaba. Mwambie uko shambani, unalingoja jembe langu."

"Nikamwambie hivyo hivyo?"

"Ukisahau neno, rudi nikukumbushe."

Akaitwa. Kijiji kizima kikajaa kando ya ufa. Mtemi akasimama ng'ambo yake, kifua mbele.

"Nyemo! Wewe si unashona nyufa? Shona huu. Ukishindwa, uhame nchi yangu leo."

Bibi akacheka kile kicheko chake cha kukohoa.

"Mbogoni mwanangu, kibuyu hakishonwi mpaka ujue ufa wake umetulia au bado unatembea. Unadhani huu umeanzia uani kwako? Bonde hili lote ni ufa, mkubwa na wa zamani! Nimelifuata kwa miguu yangu, na vibuyu mgongoni. Kaskazini nimefika nchi iliyozama chini, joto linachemsha ubongo, watu wanakata chumvi ardhini kama wanavyokata nyama. Nimepita maziwa machungu, ng'ombe akionja anatema, na ndege wekundu wamejaa ufukweni kama nguo zilizoanikwa. Nimeona mlima unaofuka moshi. Nimeona mwingine umevaa weupe kichwani, baridi inang'ata na jua liko utosini! Kusini kuna ziwa refu, kina chake hakuna kamba iliyokifikia. Kote huko ni mshono mmoja unafumuka. Wewe na vikapu vyako unaziba nini?"

"Mwongo!"

"Sawa."

Akachukua udongo wa mfinyanzi. Pale ufa ulipokuwa mwembamba kama kiganja, akaupaka kutoka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile, kiraka kizuri.

"Kikibaki kizima mpaka kesho, ufa umetulia, nabeba vikapu mpaka nife. Kikikatika, bado unatembea, watu wanapewa majembe yao."

"Nimekubali!" Mtemi akasema, na wote walisikia.

Kesho yake, kiraka kimekatika.

"Umekikata wewe!"

Kikapakwa kingine, walinzi wakakikodolea macho. Tak! Kikakatika mbele yao.

"Walinzi wamesinzia! Nitaulinda mwenyewe. Ardhi hii inanijua!"

Akaukanyaga ufa, mguu mmoja ng'ambo ile, mguu mmoja ng'ambo hii. Akakunja mikono.

Ngrrrr!

Miguu ikaachana kidogo.

"Mtemi, toka," watu wakasema.

"Sitoki!"

Ngrrrr! Miguu ikaachana zaidi. Shuka lake likalia, chraaa! Msicheke, mtu yuko taabuni.

"Nivuteni! Jamani, nivuteni!"

Watu wakakimbilia. Nyemo akainua mkono.

"Ngojeni. Majembe kwanza."

"Bibi, nakufa!"

"Hata sisi tungekufa, ila sisi polepole."

Ngrrrr!

"Watupieni majembe! Yote! Haraka!"

Walinzi wakafungua ghala. Majembe yakaruka ufa. Kling! Kling! Kling! Kila mtu akaokota lake.

"Sasa nivuteni!"

"Sasa chagua upande," Nyemo akasema. "Kule kuna ghala lako. Huku kuna watu. Hapo katikati hapana mahali pa kusimama."

Mtemi akalitazama ghala. Akawatazama watu, majembe mabegani. Juu, radi ikapiga.

"Huku," akasema, kwa sauti ya kifaranga.

Wakamvuta. Puu! Akaanguka kifudifudi. Alipoinua uso wenye vumbi, Nyemo alikuwa amemshikia jembe.

"Amka, Mbogoni. Shamba langu ni lile pale, na umenichelewesha."

Wakalima. Walinzi wakauruka ufa, wakaja kulima nao. Mbegu zikaingia ardhini, mvua ikafuata nyuma yake, shaaaa! Maji ya milima ya huku na milima ya kule yakateremkia ufani. Ufa ukanywa mpaka ukashiba, ukawa ziwa. Ghala la mtemi? Samaki wanaijua habari yake.

Na Nyemo, kila alipoamka, alipaka udongo kwenye mwamba uliopasuka kando ya ziwa. Kila alipoukuta umekatika, alicheka, akaenda kushona vibuyu vyake.

Funzo ni hili, na mlishike vizuri maana sirudii. Ardhi haipokei amri ya mtu. Mkubwa akikunyang'anya jembe ili ushindane nayo, mkatalie, tena mkatalie kwa sauti, na jembe lako ulidai.

Hadithi yangu naitua hapo. Anayesema ni uongo, akapake udongo.