Panda, Mheshimiwa

Kaeni, wapendwa, kaeni. Na ninyi mliojibanza pale mlangoni, sogeeni mbele, viti vipo. Hamtaki? Haya, bakini huko huko. Nitawafikia.

Mmeyasikia yale magari ya matangazo? Tunaomba, yanapita. Kwaya inaimba, yanapita. Kuna mama mmoja hapa nimeona mguu wake unafuata wimbo wa chama badala ya wimbo wa kwaya. Simtaji, anajijua. Basi, kwa kuwa wiki hii akili zenu zote ziko kwenye uchaguzi, na mimi nitawafuata huko huko. Nawapa mfano wa mbunge. Si mbunge wetu, jamani, msije mkanitafutia kesi. Ni mbunge wa mfano tu, na jimbo lake nimelitunga mwenyewe.

Jimbo hilo lilikatwa katikati na mto. Mto mbaya. Kiangazi unavuka huku umeshika ndala mkononi, lakini maji yake yanatoka milimani mbali. Kwa hiyo hata siku ambayo kwenu jua linawaka, unaweza kusikia mngurumo, na ukishausikia, ujue maji yameshafika. Upande mmoja kuna lami, hospitali na nyumba ya mheshimiwa. Upande wa pili kuna watu na kura zao.

Watu wa ng'ambo walikuwa na desturi yao: mgeni halowi miguu. Mwanamume wa kwao anachuchumaa, mgeni anapanda mabegani, anavushwa. Halipi chochote. Ila akifika ukingoni, kabla hajashushwa, lazima aseme amewaletea nini. Na neno ulilolisema ukiwa bado juu ya mabega ya mtu, kwa watu wale ni kiapo. Hakuna aliyemweleza mheshimiwa jambo hilo, maana nani anamweleza mtu mzima kwamba neno ni neno?

Alipogombea mara ya kwanza alikuwa mwalimu, mwembamba, anapendwa na kila mtu. Akavushwa na mtu mmoja mkubwa, mpole, mkulima wa mihogo. Tumwite mvushaji. Ukingoni akaulizwa, "Umetuletea nini?" Akasema, "Daraja." Vigelegele! Wakamshusha, wakampa kura zote.

Je, alikuwa mwongo? Hapana. Siku ile alimaanisha. Alifika bungeni, akasimama, akauliza kuhusu daraja. Waziri akajibu kwamba upembuzi yakinifu unaendelea. Basi mheshimiwa akakaa. Na kile kiti, wapendwa, kilikuwa laini.

Uchaguzi wa pili akarudi, sasa ana kitambi kidogo. Mvushaji akachuchumaa, akambeba na kitambi chake. "Umetuletea nini?" "Daraja. Liko mezani, bado saini tu." Wakampa kura tena. Sisi watu tuna subira, ee Mungu wangu! Masika yaliyofuata mke wa mvushaji akashikwa na uchungu wa kuzaa. Hospitali iko ng'ambo. Mumewe akamshika mkono waingie majini, na katikati ya mto maji yakamnyang'anya. Mke na mtoto aliyekuwa tumboni, wote. Mheshimiwa alituma salamu za rambirambi kwa simu.

Uchaguzi wa tatu sasa. Jua kali, mheshimiwa ana mikutano miwili upande ule na amechelewa. Mvushaji akatazama mto akasema, "Mheshimiwa, tungojee. Maji yamebadilika rangi." Mheshimiwa akamwambia, "Watu wananisubiri. Twende."

Mvushaji akachuchumaa. Wakaingia. Maji magotini. Maji kiunoni. Walipofika katikati wakasikia ule mngurumo, na kabla mheshimiwa hajauliza ni nini, maji yalikuwa kifuani mwa mvushaji na gogo zima linapita kando yao. Mheshimiwa akamkumbatia yule mtu kichwa kwa mikono miwili, viatu vyake vizuri vimeanza kulowa.

"Nishushe!" akapiga kelele. "Nishushe nirudi!"

"Nikikushusha hapa, mheshimiwa, utasimama juu ya nini?"

Mvushaji akasogeza mguu, akatafuta jiwe kwa kisigino, akasogeza mwingine. Kisha akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake: "Hapa ndipo mkono wa mke wangu ulipotoka mkononi mwangu."

Jamani! Mngekuwa ninyi mngesikiaje? Umekaa shingoni mwa mtu, chini yako maji yanavuta, na mtu huyo anakumbuka mahali penyewe. Akiinama kidogo tu, umekwenda. Mheshimiwa alishikwa na hofu ambayo hajawahi kuijua. Akalia kama mtoto. Akasema, "Naapa kwa Mungu aliye hai, nikivuka salama daraja litajengwa. Mwaka huu huu. Naapa!"

Mvushaji alimfikisha ukingoni, akamshusha mahali pakavu, akaenda kukamua shati lake.

Mnadhani alijenga daraja? Mnatikisa vichwa. Mnawajua, eh? Basi nisikilizeni. Alishinda, akaapishwa, akabadilisha namba ya simu. Na uchaguzi wa nne mheshimiwa akaja na helikopta.

Cheka tu, mzee wa kanisa, usijizuie. Helikopta! Alivuka ule mto juu kwa juu, bila hata kuutazama. Akatua uwanja wa shule, vumbi likajaa kwenye vyungu vya watu. Akapanda jukwaani, akapaza sauti, na katikati ya hotuba kifua kikambana. Kikambana kweli. Jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Wakamkimbiza zahanati, ile zahanati aliyoahidi kuijaza dawa. Muuguzi akafungua kabati akalifunga. "Apelekwe hospitali," akasema. "Ng'ambo. Sasa hivi."

Wakambeba mpaka kwenye helikopta. Rubani anatazama juu. Wingu limeshuka mpaka kwenye mapaa. "Kwa wingu hili sirushi chombo, mheshimiwa. Tutakufa wote."

Ikabaki njia moja. Wakamshikilia wakamfikisha mtoni. Na pale ukingoni, nani yuko pale? Mvushaji. Nywele zimeingia mvi, mabega ni yale yale. Mto umeshaanza kupanda. Alipomwona mheshimiwa anavyohema hakuuliza swali, hakukumbusha jambo. Alimpa mgongo, akachuchumaa kama zamani.

"Panda, mheshimiwa."

Mheshimiwa akatazama yale mabega. "Hujanisahau?"

"Nikusahau vipi? Nimekubeba chaguzi tatu."

"Na... utanifikisha?"

Mvushaji akageuza shingo akamtazama. "Nimewahi kukudondosha?"

Hakuwahi. Hata mara moja. Hata pale mahali penyewe, ambapo mtu mwingine angemdondosha na tusingemlaumu. Mheshimiwa alilijua hilo. Lakini hakuweza kupanda! Mguu haukunyanyuka. Alikumbuka alichoapa, alikumbuka na mahali alipoapia, na akaona haiwezekani mtu huyu asiwe na kisasi. Aliyezoea kuvunja neno haamini neno la mtu yeyote. Akasimama hapo, kifua kinambana, hospitali anaiona kwa macho yake, na anayaogopa mabega kuliko anavyouogopa mto.

Alipanda? Msiniulize. Mfano wangu unaishia hapo: mmoja amechuchumaa, mmoja amesimama anatetemeka, na maji yanapanda.

Sasa mbona mnatazama dirishani? Mnamtafuta mbunge kwenye mabango? Mwacheni yule wa mabango. Mgombea ni wewe. Mgombea ni sisi sote humu ndani, na mimi nimo.

Hukufanya kampeni wewe? Siku mtoto alipopatwa na degedege, macho yamegeuka, ukamkimbiza hospitali pekupeku, ulimwambia Mungu nini njiani? Siku daktari alipoitazama picha ya kifua chako kisha akafunga mlango kwanza kabla ya kusema, ulimwambia Mungu nini? "Bwana, nivushe hapa tu. Nitaacha pombe. Nitamrudia mke wangu. Nitakutumikia." Uliomba kura, ndugu yangu! Ulilia juu ya mabega yake. Naye akakuvusha, akakuweka mahali pakavu.

Halafu? Halafu mambo yakanyooka. Ukapata kazi, ukapata bima ya afya, ukapata rafiki mkubwa serikalini. Ukawa na helikopta yako. Ukapita juu ya mto bila kuutazama, na moyoni ukasema, aah, upembuzi unaendelea.

Mnadhani hofu yangu ni kwamba Mungu atawadondosha? Hapana, wapendwa. Hilo silihofii hata kidogo, hajawahi. Hofu yangu ni nyingine, na imeninyima raha tangu nianze kuuandaa ujumbe huu. Naogopa siku wingu litakaposhuka, pesa zikasema hatuwezi, rafiki mkubwa akasema siwezi, daktari akasema peleka ng'ambo, na Mungu akachuchumaa mbele yako akakwambia panda, wewe ukashindwa kupanda. Si kwa sababu mabega yamechoka. Kwa sababu unakumbuka ulichoapa, na aibu imekuwa hofu, na hofu imekufunga miguu.

Hebu niambieni, kwa nini siku hizi ukianza kuomba maneno yanakwama? Kwa nini unakuja ibada imeshaanza na kuondoka kabla ya baraka? Unasema una shughuli. Wewe huna shughuli. Wewe unamwogopa aliyekubeba.

Rudi kwenye lile neno lako la kwanza. Usiongeze jipya, mapya tunayo tele. Leo, jua likiwa bado linawaka, nenda ukaanze kulijenga lile daraja ulilolitaja. Hata jiwe moja. Mwambie, "Bwana, ni mimi, yule wa daraja." Kisha panda ukitetemeka hivyo hivyo, maana hajasema upande ukiwa umeacha kutetemeka.

Sijui mto wako uko umbali gani. Najua tu kwamba ukishausikia mngurumo, maji yameshafika.

Ninyi wa mlangoni, nilisema nitawafikia. Viti vya mbele bado vipo.