Kifuniko cha Chupa na Somo wa Mtoto

Hapo zamani, zamani ya juzi na jana, kompyuta zilipokuwa zimekwisha ingia mpaka vichochoroni, palikuwa na mama mmoja jina lake Sikudhani. Alikuwa amezika watoto wawili. Wa tatu, msichana, alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama mkate wa mofa, na daktari akamwambia mama: baada ya huyu hutazaa tena. Sikudhani hakulia. Machozi alikuwa ameyamaliza makaburini.

Mtoto alishindwa kupumua vizuri, akawekewa oksijeni. Hewa ile hupitia kwanza kwenye chupa ya maji, ipate unyevu, ndipo iende puani. Chupa ina kifuniko cha kuzungusha. Muuguzi Zubeda, kwa haraka yake ya kuokoa, akakikaza kupita kiasi, kikapasuka. Hewa ikavujia pembeni, na midomo ya mtoto ikaanza kugeuka rangi. Kabatini mlikuwa na chupa tupu tu, ambazo vifuniko vyake vilikwisha vunjika siku nyingi.

Zubeda akaziba mpasuko kwa viganja, akabana. Hewa ikarudi kwa mtoto. Akilegeza, mtoto anabadilika. Basi akabana.

Mama mkwe wa Sikudhani akachukua chupa moja tupu, akakimbia nayo kwa Mwanahija, binti wa mtaani anayechora vipuri kwa kompyuta. Mwanahija akapima mdomo wa chupa, akachora kifuniko, akakitia nyuzi, ile mifereji ya ndani inayokifanya kishike. Mchoro ukaenda kwa Bi Saumu, mwenye mashine ya kuyeyusha plastiki na kuipanga tabaka juu ya tabaka mpaka mchoro uwe kitu cha kushika. Mashine ikaenda taratibu. Zubeda akabana.

Kifuniko kikaletwa. Lo! Ndani laini kama kikombe. Hakikushika chochote.

Kumbe Mwanahija alizoea kuwachorea mafundi wanaokereza vyuma. Kwa mafundi hao nyuzi huchorwa picha tu, juujuu, ili mchoro usiwe mzito. Fundi akiiona picha anajua, anazikata mwenyewe. Lakini mashine ya Bi Saumu haijui kukisia. Imepewa picha isiyo na kina, nayo ikatoa kitu kisicho na kina. Na Bi Saumu aliuona ulaini ule mapema, akanyamaza, akisema moyoni kila mtu na kazi yake.

Sikudhani akakishika kifuniko kile, akakigeuza. Akamtazama muuguzi, ambaye vidole vilikuwa vimemvimba kwa kubana.

"Sista, utaweza?"

"Usiniulize, mama. Niombee."

Mwanahija akarudi kwenye kompyuta huku analia. Safari hii akachora uzi wa kweli: mstari unaopanda ukizunguka, kisha umbo la jino likapita juu ya mstari ule, likichimba. Kompyuta ikagoma, akaanza upya. Ikagoma tena, akaanza upya. Bi Saumu akautazama mchoro, na safari hii hakunyamaza.

"Binti, hicho hakitaingia."

"Dada Saumu, nimepima! Kinalingana na chupa sawasawa."

"Ndiyo maana hakitaingia. Plastiki ya mashine yangu hutuna kidogo. Kipe nafasi, unene wa unywele tu."

Mwanahija akaiacha nafasi ile. Kifuniko kikaja, kikazunguka, kikashika. Zubeda akaondoa mikono, na mtoto akaendelea kupumua. Hapo ndipo Sikudhani alipolia.

Ikafika siku ya kumpa mtoto jina. Kwao, mtoto aliyeponyoka kifo huitwa jina la aliyemponya, na huyo huwa somo wake maisha yote. Tena watu husema mtoto huchukua tabia za somo wake. Wakaja wote watatu.

Zubeda akasema, "Mimi ndiye niliyekipasua, sikatai. Lakini nisingebana, kifuniko chenu kingekuta maiti."

Mwanahija akasema, "Mimi nilikosea kwa mazoea. Lakini mikono ya Sista ilikuwa imefika mwisho wake. Bila uzi wangu, angebana mpaka lini?"

Bi Saumu akasema, "Mimi nilinyamaza pale pa kusema, na imeniuma. Lakini niliposema, ndipo kilipoingia. Bila neno langu, uzi wake ungekuwa pambo."

Mama mkwe akajaribu kupoza. "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wote wamemponya."

"Ndiyo, mama," Sikudhani akajibu, "lakini jina ni moja, na mwana sina mwingine."

Akamtazama mwanawe, akawaza. Nimpe jina la mwenye pupa, aliyevunja kisha akavumilia? La mwenye mazoea, aliyekosea kisha akaanza upya? Au la mnyamavu, aliyechelewa kusema kisha akasema kweli? Alipenda kuwashukuru wote, lakini tabia ya kila mmoja aliiogopa.

Shehe aliyekuja kumpa mtoto jina ameinama, sikio karibu na kinywa cha mama. Watatu wamesimama mlangoni, hakuna anayemtazama mwenzake. Haya, nyinyi mliokaa kitako mkisikiliza, msimwachie mama peke yake, wala msiseme ni wote, maana jina halikatwi vipande. Je, mtoto yule alistahili kuitwa Zubeda, Mwanahija, au Saumu?