Hoteli Iliyopigiwa Honi

Kaeni vizuri, wapendwa. Walioko nyuma sogeeni, viti vya mbele havina miiba. Kabla sijalifungua somo la leo nina habari ya mama mmoja, na tafadhali msiniulize ni wa mji gani. Mkianza kumtafuta mtaacha kunisikiliza.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye hoteli ya mabasi. Hoteli hizi mnazijua. Basi limeondoka alfajiri, abiria wamejikunja kwenye viti, matumbo yanalia, mara kondakta anasimama mlangoni na kutangaza, "Chakula na kuchimba dawa, jamani, tusicheleweshane!" Hapo watu wanamiminika kama maji ya bomba lililopasuka. Huyu anataka wali, yule chipsi, mwingine anauliza choo kiko wapi. Hoteli ya mama huyu ilikuwa katikati ya mji, mji wa wastani tu, na barabara kuu ya kutoka mkoa hadi mkoa ilipita mlangoni pake. Kila basi lilisimama kwake. Kwa wenzake yalisimama yale yaliyopasukiwa tairi.

Alifanyaje? Nyuma ya jiko alikuwa na chumba kidogo chenye feni na pazia, chumba cha madereva. Dereva na kondakta wake hawalipi. Wanaketishwa humo kwa heshima, wanaletewa maji ya baridi, mchuzi mzito na paja la kuku. Abiria anakula shingo, dereva anakula paja. Mnacheka? Ni nani hapa hajawahi kuila hiyo shingo? Ndivyo biashara ile ilivyo, na mama aliijua kuliko mtu yeyote: ukimshika dereva, umelishika basi.

Basi ikaja habari kwamba serikali itajenga barabara kuu mpya, pana, ya kuuzunguka mji kwa nje. Malori yalikuwa yameuziba mji kiasi kwamba hata msafara wa harusi ulifika kanisani bibi harusi amekwisha kulia machozi yote. Ramani zikachorwa, vigingi vikapigwa kwenye mashamba ya pembezoni. Wenye maduka ya katikati ya mji wakashika vichwa. Wakaenda kwa mkuu wa wilaya, wakaenda kwa mbunge, wengine nasikia walikwenda hata kwa mganga. Mama yetu hakwenda popote. Aliwaita watoto wake akawaambia, "Barabara ikihama, nami nahama nayo."

Na kweli akahama. Aliuza hoteli ya zamani. Aliuza shamba aliloachiwa na marehemu baba yake. Akanunua kiwanja pale vilipopita vigingi, juu ya bonde, akajenga ghorofa ya rangi ya chungwa inayoonekana toka mbali, na uwanja ambao mabasi yangeweza kupaki bila kukwaruzana, na vyoo vya vigae. Chumba cha madereva safari hii kilikuwa na makochi na televisheni. Kila kitu alichokuwa nacho duniani kilikuwa kimeingia kwenye saruji ile. Alijua kwamba mambo yakiharibika hana pa kurudi, lakini hakuwaza kuharibikiwa. Alilala usingizi mzuri.

Jambo moja tu lilimkera. Kule bondeni waliishi watu wanaolima mboga, mchicha, nyanya, bamia. Tangu zamani walikuwa na njia yao ya miguu, na njia hiyo ilipita katikati ya kiwanja kile. Mama akawakuta, akawaacha kwanza. Lakini mafundi wake walipoanza kujenga, wanawake wa bondeni wakawa wanapanda na masufuria ya uji na maandazi, na mafundi wakaiacha chai ya mama, wakawakimbilia wao. Hebu fikirini! Mtu aliyelisha nusu ya nchi, anapokonywa wateja na mwanamke mwenye sufuria moja!

"Hawa nikiwaacha," akasema, "kesho watawasubiri abiria wangu mlangoni."

Akajenga ukuta upande wote wa bondeni, mrefu, na juu yake akapanda vipande vya chupa. Watu wa bondeni hawakugombana naye. Walizunguka. Mwenye tenga la nyanya kichwani alikwenda mbali, akatokea upande wa pili akiwa amelowa jasho, na akimkuta mama barabarani alimwamkia kama kawaida.

Siku ikafika ya mkutano na wahandisi. Watu wakakusanyika, mama akaletewa kiti mbele. Injinia, mtu mzima mwenye adabu, akatandaza mchoro wake juu ya boneti la gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Haya, tueleze."

Injinia akaeleza kwamba barabara hii si kama ile ya zamani. Itapita juu ya tuta, pembeni itakuwa na vyuma, huku na huku, na gari haliwezi kushuka ila pale palipowekwa njia ya kushukia. Akaweka kidole kwenye mchoro. "Upande huu tunaweka moja tu. Tumeipanga kwenye kona ya kiwanja chako, mama. Gari litashuka hapa, lipite ubavuni mwa ukuta wako, njia iendelee mpaka bondeni kwa jirani zako."

Mama akapiga hesabu upesi. Njia ikishuka kwenye kona yake na kwenda bondeni, basi na watu wa bondeni watapanda kuja kwenye kona yake. Aliyaona masufuria yale yamejipanga pale pale, mvuke unapaa, na abiria wakishuka wanakutana nayo kabla hawajaliona bango lake.

Akasimama. "Hiyo njia yako ipeleke mbali. Hapa kwangu hapana."

"Mama, pasipo na njia ya kushukia, basi haliingii."

Mama akacheka kicheko cha mtu mwenye uhakika. "Mwanangu, wewe unajua lami, mimi najua madereva. Dereva niliyemlisha paja la kuku hawezi kunipita. Akiliona bango langu atasimama hata juu ya daraja."

"Hataruhusiwa kusimama, mama. Na vyuma atavirukaje?"

"Utaona."

Watu wakapiga makofi, maana mama alikuwa tajiri, na tajiri akisema neno makofi hayakosekani. Ndipo mwanamke mmoja wa bondeni, mkulima wa mchicha, akanyoosha mkono. "Injinia, kama mama haitaki, ileteni kwetu. Tutasogeza bustani zetu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Njia ya kushukia ikatolewa kwenye kona ya mama, ikapelekwa kule chini, katikati ya mchicha. Mama akarudi nyumbani na ushindi wake, akaongeza makochi mawili kwenye chumba cha madereva.

Sasa nisikilizeni. Siku barabara ilipofunguliwa, mama aliamka mapema kuliko majogoo. Alipika pilau, alikaanga kuku, harufu ikapanda mpaka kwenye lami. Akavaa kitenge kipya, akasimama kwenye baraza ya ghorofani na wafanyakazi wake wote nyuma yake. Basi la kwanza likatokeza kule mbali. Mama akalitambua, dereva wake alikuwa mtu wake wa siku nyingi. Basi likakaribia, likapiga honi ndefu, ya furaha. Wafanyakazi wakapiga vigelegele!

Basi likapita.

Likaja la pili. Dereva akatoa mkono dirishani, akapunga, akapiga honi, akapita. La tatu vivyo hivyo. Vigelegele vikapungua, kisha vikaisha. Mpaka jioni honi zikawa zinalia na mama amesimama pale pale, mkono umeinuliwa, hajui kama anapunga au anaita. Hakuna hoteli katika nchi ile iliyowahi kupigiwa honi kama ile, na hakuna iliyowahi kubaki na pilau nyingi kama ile.

Siku ya pili mambo yakawa yale yale. Siku ya tatu mama akashindwa kuvumilia, akampigia simu yule dereva wake.

"Naona mnanipita tu. Paja langu limewatokea puani?"

"Usiseme hivyo, mama. Kila siku nakupungia mpaka kondakta ananicheka. Lakini kwako nipitie wapi?"

"Si kuna njia ya kushukia huko bondeni?"

"Nimeshuka nayo, mama. Nimefika na abiria wangu mpaka chini ya ukuta wako. Pilau tumeinusa, ghorofa tumeiona, mlango hatukuuona. Abiria wana njaa, ningefanyaje? Wamekula wali maharage kwa mama mmoja hapa chini. Na mimi nimekula."

Akaongeza, "Tena nimelipa."

Dereva amelipa! Neno hilo lilimchoma mama kuliko zile honi zote. Akajifunga kitenge, akatoka. Kwa kuwa alikuwa ameziba njia, ilimbidi azunguke, njia ile ndefu, jua la utosini, ile ile ya wenye matenga. Alifika bondeni amelowa jasho. Akakuta mabasi yamepangana, abiria wamekaa juu ya ndoo na magogo, wanawake wanapakua mbio mbio, na nyuma yao ukuta wake umesimama na chupa zake zinang'aa.

Yule mkulima wa mchicha akafuta mikono. "Karibu, mama. Kaa kwanza, jua ni kali. Mpeni mama uji."

Mama akaupokea. Akanywa funda moja, kisha akauliza, na sauti ilikuwa imeshuka, "Jirani, hawa watu wanawezaje kufika kwangu?"

"Hata sisi tungependa wafike. Chakula chetu hakitoshi, wengine wanaondoka na njaa, na vyoo ndiyo hivyo hatuna. Lakini ukuta ni wako, mama. Sisi tulikuwa tunapita."

Wapendwa, mama yule aliumaliza uji. Kisha akarudi, akachukua mtaimbo, akaanza kuubomoa ukuta kwa mikono yake mwenyewe. Chupa zilimkata kiganja, akafunga kitambaa, akaendelea. Wafanyakazi wakaja kumsaidia, na kabla ya jua kuzama watu wa bondeni nao walikuwa wanabomoa toka upande wao. Leo ukienda kwenye hoteli ile utaingia kwa nyuma, maana nyuma ndiyo mbele. Wenye sufuria wanapika kwenye jiko la mama, mabasi yamejaa uwanjani, na madereva, mniwie radhi, wamerudi kula bure.

Mmefurahi? Naona mnapiga makofi. Asanteni. Ishusheni mikono kidogo.

Mlipokuwa mnaingia asubuhi hii, mmeyaona yale matofali upande wa stendi? Mmeyaona, maana mengine mmeyakalia mkisubiri kengele. Tumeyanunua sisi. Tulikaa kikao, tukasema uwanja wetu umekuwa njia. Wabeba mizigo wanakatiza hapa na mikokoteni yao katikati ya ibada. Wapiga debe wanapumzika kwenye kibaraza chetu. Wauza ndizi wanajikinga jua kwenye ukuta wetu na kuacha maganda. Tukasema tujenge ukuta, tuwe na geti moja zuri upande wa lami, na mlinzi, ili nyumba ya Mungu iheshimike. Wote tukasema amina.

Sasa niwaulize. Mwaka huu mzima, ni nani aliyeingia kwa upande wa lami akiwa mgeni, akakaa, akabaki? Mnatazamana. Nami nimetazama, sijamwona. Lakini yule dada anayetuongozea kwaya, aliyewaliza wengine hapa asubuhi hii kwa wimbo wake, alifika lini? Alifika siku ya mvua, ana beseni la ndizi kichwani, anakatiza kwenda stendi. Alisimama kwenye kibaraza kujikinga mvua. Wimbo ukamshika, mvua ikakatika, yeye hakuondoka. Je, ukuta ungekuwepo siku ile, leo nani angetuongozea kwaya?

Ndugu zangu, mji huu unatupenda. Nikipita stendi wananiita, "Bwana asifiwe, mchungaji!" Wananipungia mikono, nami nawapungia, natembea kifua mbele. Hizo ni honi, wapendwa! Mtu anaweza kupigiwa honi maisha yake yote na chakula cha uzima kikapoa mezani kwake. Sisi tunasema hawa wa stendi wamemkataa Bwana. Wamemkataa wapi? Tumewasikia wanaimba nyimbo zetu huku wanasukuma mikokoteni! Wananusa. Wanatuuliza kila siku wapitie wapi, na sisi tumeagiza saruji.

Tena sina hofu, nawaambieni ukweli. Mungu hatakosa pa kuwashushia watu wake. Tukikataa njia isipite kwenye kona yetu ataipeleka kwenye bustani ya mtu mwingine aliye tayari kusogeza mchicha wake, na wenye njaa watakula, na watashiba. Njia itajengwa. Swali la leo ni kama itapita kwetu.

Fundi anakuja kesho asubuhi na kamba yake na pima maji. Wazee wa kanisa, nawaona, mko wote safu ya pili. Tusimame, tuombe. Na tukishasema amina, mtu asitoke kwanza, mniambie nimwambie fundi yule ajenge nini.